Polo ya majini kwa waogeleaji wa triathloni: namna ya kuanza ukiwa Mbeya au Iringa

Mita mia za kwanza za triathloni, mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, hazifanani na kuogelea. Zinafanana na kugombea Hiace pale Mwanjelwa saa kumi na mbili jioni mvua ikiwa imeanza kudondoka. Mtu anakupanda mgongoni, mwingine anakukata njia, kisigino cha wa mbele kinakutafuta pua. Mimi kilinipata kwenye miwani. Ilikuwa baharini, mara yangu ya kwanza kushindana nje ya bwawa, na kabla ya hapo nilikuwa naogelea mita 1,500 mara tatu kwa wiki bila shida yoyote. Miwani ilipotoka nilimeza maji, nikashika mtumbwi wa waokoaji, nikabaki pale nikihema wakati kundi zima likiondoka. Pumzi nilikuwa nayo, mikono nilikuwa nayo. Nilichokosa sikukijua jina.

Jina alinipa mhandisi mmoja aliyewahi kusoma Hungary, nchi iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki ya polo ya majini, mchezo wa kurushiana mpira majini na kufunga magoli, kwa wanaume mara tatu mfululizo, 2000, 2004 na 2008. Alinitazama nikiogelea hapa Mbeya, akaniambia: "Kaka, kuogelea unajua. Kukaa kwenye maji ndiyo hujui."

Mwongozo huu unahusu kukaa kwenye maji. Sikufundishi kuwa mchezaji wa polo, mimi mwenyewe si mchezaji. Nakuonyesha jinsi ya kuazima vitu vinne au vitano kutoka mchezo huo, mara moja kwa wiki, ili siku ya mashindano usishike mtumbwi.

Kabla hujanunua mpira

Uwe unaweza kuogelea fristaili mita 400 bila kusimama, na kuelea penye kina kwa dakika mbili bila kushika ukuta. Kama bado, rudi huko kwanza. Polo haimfundishi mtu kuogelea.

Tafuta watu. Wanne wanatosha, saba ndiyo raha yenyewe, sita majini na mmoja nje. Mmoja abaki nje na filimbi kila zamu, na huyo kazi yake ya kwanza ni kuhesabu vichwa.

Bwawa ndiyo kazi. Mengi ya huku ni ya hoteli na shule, mafupi, upande mmoja maji yanafika kiunoni. Polo ya kweli inataka kina cha mita 1.8 au zaidi, kwa sababu mchezaji haruhusiwi kukanyaga chini. Nyinyi chukueni upande wa kina tu, hata kama ni mita nane kwa kumi, na muuache upande mwingine kwa watoto. Halafu kuna mlinzi wa bwawa. Wetu alipoona mpira alisimama njiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huo mpira wa wapi?"

"Wa majini, mzee. Tunafanyia mazoezi."

"Mpira kachezeni uwanja wa Sokoine."

Tulichokosea ni kwenda Jumamosi. Nenda siku ya kazi, ongea na meneja bila mpira mkononi, mweleze kwamba hamtarusha kuelekea kwa wageni na kwamba mko wachache. Mpira mlete safari ya pili.

Na baridi isikudanganye kwa kuwa ni Afrika. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai joto la hewa hushuka chini ya nyuzi 10. Bwawa lisilo na kipasha joto linakaa baridi siku nzima. Miezi hiyo sisi tunaingia saa tisa alasiri, tunakaa dakika 40 na si zaidi, na tunapasha mwili nje hadi jasho litoke. Misuli ya kigimbi ikibana penye kina, na wewe mpya, hutapenda. Chai ya tangawizi kwenye chupa si anasa.

Vifaa

Mpira rasmi wa wanaume una mzingo wa sentimita 68 hadi 71 na uzito wa gramu 400 hadi 450. Sasa angalia: mpira wa miguu namba 5 una sentimita 68 hadi 70 na gramu 410 hadi 450. Ni kitu kilekile, tofauti ni ngozi. Wa polo umefunikwa raba yenye kushika, wa miguu unateleza kama kambare. Kwa hiyo tafuta ule wa raba tupu, wa bei rahisi, ambao watoto wanauchezea mitaani. Unashikika vizuri kuliko wa ngozi na haunywi maji. Wa wanawake ni mdogo kidogo, sentimita 65 hadi 67, na mpira wa voliboli una mzingo huohuo ingawa ni mwepesi mno. Kwa kujifunza kudaka unafaa.

Goli: madumu mawili ya lita 20, matupu, kila moja limefungwa kamba na jiwe chini, umbali wa mita tatu. Kofia za kuogelea za rangi mbili. Dumu la lita tano. Filimbi. Vipande viwili vya tyubu ya baiskeli iliyochakaa, vya nini utaona.

Hatua ya kwanza: teke la kupekecha

Hapa kaa muda mrefu. Wengi wanakimbilia mpira siku ya kwanza, wanarushiana, wanacheka, wanachoka, na baada ya wiki mbili wanasema polo haina maana. Polo yote imesimama juu ya miguu, na miguu hiyo haisimami.

Umewahi kuona upekecho ukizungushwa kati ya viganja, huku na huku, chungu kinatoa povu? Miguu inafanya kazi ya namna hiyo. Kila mguu unachora duara lake, wa kulia kinyume cha saa, wa kushoto kama saa ukiitazama kwa juu, na haiendi pamoja: mmoja ukitoka nje, mwingine unaingia ndani. Kwa kuwa daima kuna mguu mmoja unaosukuma maji, kichwa hakipandi wala kushuka. Kinakaa tu, na mikono inabaki huru.

Anza nchi kavu. Kaa kwenye ncha ya benchi refu ambalo miguu haigusi chini. Tanua magoti kupita upana wa nyonga. Vuta vidole vya miguu kuelekea muundi na ugeuzie nyayo nje kidogo, halafu zungusha mguu mmoja peke yake, mara ishirini, polepole. Badilisha. Kisha yote miwili kwa zamu. Siku ya kwanza akili itagoma, kama kujipigapiga kichwa huku unasugua tumbo. Fanya nyumbani ukisikiliza taarifa ya habari.

Ndani ya maji, kaa kama uliyekalia kigoda: mgongo wima, mapaja karibu sambamba na uso wa maji, magoti wazi. Kinachosukuma maji ni upande wa ndani wa unyayo na muundi, si kidole gumba. Viganja visaidie kwa kupapasa maji mbele ya kifua.

Wiki ya kwanza, sekunde 30 mara sita, pumzika sekunde 30. Wiki ya pili hivyo hivyo, mikono imekunjwa kifuani. Ya tatu, viwiko nje ya maji. Ya nne, shika dumu la lita tano lenye maji nusu, uinue juu ya uso kwa sekunde kumi. Dumu halina huruma. Likikuzamisha usione aibu, ongeza wiki nyingine.

Makosa yanajionyesha yenyewe. Kichwa kikidunda juu chini, unapiga mtindo wa chura, miguu yote miwili kwa pamoja. Ukijikuta unazunguka kama pia, mguu mmoja ni dhaifu, na karibu kila mara ni ule usiotumia kupigia mpira. Ukisikia maumivu upande wa ndani wa goti, acha siku hiyo. Umepindisha goti badala ya kufungua nyonga. Sisi wa triathloni tuko hatarini hapa, maana baiskeli inakaza nyonga na kukimbia kunakaza vifundo. Barabara ya kupanda kwenda Chunya inakupa mapaja, lakini haikupi nyonga zinazofunguka. Nilimwona mama mmoja aliyezoea kukaa kwenye kigoda jikoni akilipata teke hili siku moja, wakati vijana wa baiskeli walihangaika mwezi.

Utauliza: la nini, wakati kwenye mashindano tunabana miguu tuitunze kwa baiskeli? Swali zuri, na jibu si mwendo. Unapongoja filimbi penye kina ukiwa katikati ya watu mia, unapekecha. Miwani ikiingia maji, unapekecha na kuivaa kwa mikono miwili. Kigimbi kikikaza, unapekecha kwa mguu mmoja na kuukanda wa pili. Ile dakika niliyoshika mtumbwi, ndiyo hiyo.

Hatua ya pili: kichwa juu

Fristaili, kidevu kwenye uso wa maji, macho mbele, mita 15. Mikono inafupika, viwiko vinapanda, miguu inataka kuzama na unailazimisha ipige. Fanya mara sita. Ukishazoea, weka mpira mbele yako, kati ya mikono, uusukume kwa wimbi la kifua bila kuugusa. Ukiugusa unakukimbia.

Usizidishe mita 200 kwa kipindi kizima, mgongo wa chini utakushtaki. Kwenye mashindano hutaogelea hivi. Utainua macho tu kama mamba, uone boya, urudi. Kwa hiyo malizia kila mara kwa mita 50 za kawaida, ukichungulia mara moja kila mikono kumi. Utashangaa jinsi kuchungulia kulivyokuwa kwepesi.

Hatua ya tatu: kuanza na kusimama

Pekecha mahali pamoja. Filimbi: piga mbio mita nane. Filimbi: simama, geuka bila kugusa ukuta, rudi. Mara nane.

Kazi kubwa ni kugeuka. Bwawani tumezoea kujisukuma na ukuta, na ziwani hakuna ukuta, kuna boya na watu wote wanalitaka. Kusanya magoti kifuani, zungusha nyonga, teke moja, umeondoka.

Mapumziko yawe dakika nzima. Kitabu cha watu wa pwani kikisema sekunde 40, huko hewa ni nzito. Hapa juu, na hata Iringa iliyo chini yetu kidogo, ukikata mapumziko unaishia kufanya mbio mbovu nane badala ya nzuri nane.

Hatua ya nne: mpira

Mkono mmoja tu. Kipa peke yake ndiye mwenye ruhusa ya miwili, karibu na goli lake. Unapodaka, mkono urudi nyuma pamoja na mpira kama unapokea yai lililorushwa. Kuunyanyua majini, pitisha kiganja chini yake, au uukandamize kidogo uujie mwenyewe mkononi. Nguvu ya kurusha inatoka kwenye miguu na kuzunguka kwa kiuno.

Hapa nina onyo. Bega la mwogeleaji tayari limezunguka maelfu ya mara kwa wiki, na kurusha kwa nguvu juu ya uchovu huo ndiyo njia ya mkato kwenda kwa daktari. Kwa wiki mbili za mwanzo ni pasi laini tu, za mita tatu hadi tano. Baadaye, marusho 40 kwa kipindi, kisha basi. Kabla ya kuingia chukua ile tyubu ya baiskeli: ifunge kwenye nguzo, kiwiko kimebana mbavu, vuta kiganja kwenda nje, mara 15, seti mbili kila upande.

Hatua ya tano: watu

Sasa tumefika nilipokuwa nakuleta.

Kwanza masharti. Kucha zikatwe, hata waamuzi wa polo huzikagua kabla ya mchezo. Pete, saa na hereni zibaki kwenye begi. Miwani ya kuogelea ivuliwe kwa mazoezi ya kugombania mpira, kwa sababu kiwiko kikiipata, jicho ndilo linaloumia. Hakuna kushikana shingo, hakuna kuzamishana. Anayetaka kusimama anapiga maji mara mbili kwa kiganja na wote wanaacha papo hapo, bila maswali. Na muongee kabla ya kuingia: kama kina dada wanataka wagombanie wao kwa wao, iwe hivyo. Kundi linalomcheka mtu kwa hilo halitafika wiki ya tatu.

Zoezi la kwanza: sita ndani ya mraba wa mita tatu, wote wanapekecha, mabega yanagusana, mikono juu. Dakika moja. Hakuna anayeshinda. Ni kuzoea tu joto la mtu mwingine majini.

La pili: watatu wanaogelea bega kwa bega penye nafasi ya mtu mmoja na nusu, mita 20. Wa katikati anabanwa. Badilishaneni.

La tatu: dumu moja katikati kama boya, wote wanaanza pamoja kutoka ukutani, wanalizunguka kulia, wanarudi.

La nne ndilo nalipenda, na ndilo pekee la hatua hii ambalo miwani inavaliwa. Mmoja anaogelea mwendo wa kawaida. Mwenzake anamfuata kwa nyuma na wakati asioutarajia anamtoa miwani, polepole, kwa kuishika kamba. Mwogeleaji asimame, apekeche, apokee miwani, aimwage maji, aivae, aendelee. Dada mmoja wa kundi letu, mhasibu, mara ya kwanza alikwenda moja kwa moja ukutani akatoka na kukaa na taulo robo saa bila kusema. Hatukumwita. Alirudi mwenyewe, akasema, "Nitoe tena." Mara ya sita alikuwa anaivaa huku anatutukana kwa Kinyakyusa, na kichwa chake hakikushuka hata kidogo. Mpe kila mtu mara mbili tu kwa kipindi, na asiyetaka asilazimishwe.

Hatua ya sita: mchezo

Rasmi ni saba kila upande, robo nne za dakika nane. Nyinyi chezeni watatu kwa watatu, robo nne za dakika nne. Sheria zinazotosha: mkono mmoja, hakuna kukanyaga chini, hakuna kuuzamisha mpira unapobanwa, na unaruhusiwa kumkaba aliyeushika mpira tu. Akiuachia, mwachie. Mengine mtajifunza kwa kugombana.

Iingie wapi kwenye wiki

Mara moja. Ichukue nafasi ya kile kipindi kifupi chepesi cha kuogelea, kamwe isiguse kile kirefu. Mchezo unafupisha mkono, na ukiuzidisha utafika kwenye mita 1,500 ukipiga maji kama unafukuza nzi. Kesho yake, nikishacheza, naogelea mita 600 za mikono mirefu mirefu ili kuurudisha.

Sisi tunacheza Jumatano. Alhamisi ni baiskeli nyepesi, kwa sababu mapaja ya ndani yanauma kwa mahali usipopajua. Mbio ngumu tumezipeleka Ijumaa. Anza wiki kumi au kumi na mbili kabla ya mashindano, na mpira uuweke kabatini wiki mbili kabla. Wiki hizo mbili baki na kupekecha na kuchungulia tu. Kuvunjika kidole siku tisa kabla ya safari ni hadithi isiyochekesha, nimeshuhudia.

Mara moja, ziwani

Kabla ya mashindano yenyewe, pelekeni haya yote Ziwa Nyasa. Kutoka Mbeya mnapita Tukuyu, mnashuka hadi Kyela na Matema, na mkifika mko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Maji yana joto, pumzi imejaa, kila mtu anajiona bingwa. Hapo ndipo pa kuwa makini.

Waulizeni wavuvi, si wahudumu wa hoteli, wapi hapaogelewi. Midomo ya mito ina mamba, na jibu lao litakuwa fupi. Ingieni asubuhi mapema. Mwera, upepo wa kusini, ukianza kuvuma, hasa kati ya Mei na Agosti, ziwa linainuka haraka. Kodini mtumbwi na mwenyewe, uwafuate muda wote. Madumu ya njano yawe maboya, matatu, pembetatu. Anzeni penye kina, pamoja, mara nne, na katika kila mzunguko mtu mmoja avuliwe miwani. Wa Iringa msijaribu kufupisha safari kwa kwenda Mtera. Mamba wapo, viboko wapo.

Jambo la mwisho ni kichocho. Nyasa inacho, na hakionyeshi dalili siku ileile. Kapimeni baada ya wiki sita hadi nane. Kikionekana, dawa yake ni prazikwanteli na hospitali wataitoa kwa uzito wako. Weka tarehe kwenye simu mkiwa bado mmekaa mchangani mnasubiri nguo zikauke, na uhakikishe kila mmoja ameiweka, maana gari likishaanza kupanda kuelekea Tukuyu watu wanalala.